Baba Ameshaanza Kula

Muuguzi alizungusha utepe kwenye mkono wa mama, juu kidogo ya kiwiko, akasoma namba, kisha akapima tena kana kwamba utepe ndio wenye makosa. Sentimita ishirini na moja. Akaniambia kidonda cha mguuni hakiponi kwa sababu mwili hauna cha kukizibia. Umekosa protini mpaka umeanza kujila wenyewe. Dawa peke yake hazitatosha. Nimpe mayai, maharage, samaki, maziwa, karanga, na nyama ikipatikana, kila siku na kila mlo. Baada ya wiki sita, kama hali itakuwa hii hii, daktari ataukata mguu chini ya goti.

Mimi ni fundi cherehani, kupima watu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo ile ishirini na moja ilinichoma. Nguo za watoto wa shule ndizo ninazozishonea mikono ya namna hiyo. Nikafunga kibanda changu, nikahamia kwa mama. Nilijiambia hili ni suala la sufuria tu. Mtu akila hunenepa, na kupika najua.

Mama alikuwa na utaratibu wake mezani, na mimi niliukuta. Kiti cha karibu na dirisha ni cha baba, na baba asipoanza kula, hakuna anayegusa chakula. Enzi za uhai wake minofu yote ilikwenda kwake, sisi tukabaki na mchuzi na habari za nyama. Nilikuwa na kinyongo naye tangu utotoni na ninacho mpaka leo. Sioni kwa nini nifiche. Sasa yuko kaburini mwaka mmoja na nusu, lakini koti lake la kahawia limevishwa kiti kile kile, na mama akishaketi hulitazama na kusema, "Karibu, baba watoto." Kisha husubiri, mikono mapajani. Baada ya muda hutikisa kichwa kidogo, husema, "Ameshaanza," ndipo naye hula.

Nilimwacha. Mjane ana ruhusa ya kuongea na koti. Na alikula, hilo siwezi kumsingizia. Mayai mawili asubuhi, bakuli la maharage mchana, samaki jioni na glasi ya maziwa juu yake. Sahani zilirudi jikoni nyeupe pe. Nikawa natamba kwa majirani kwamba mwezi hautaisha kabla mama yangu hajasajiliwa kwenye timu ya mpira.

Wiki ya tatu nilimpima kwa utepe wangu mwenyewe. Ishirini. Kidonda nacho kilikuwa kimepanuka, na mama alipoona uso wangu akaniomba msamaha, kama vile kukonda ni utovu wa adabu.

Mchana ule, nikiandaa meza, ndipo nilipoliona koti. Nililishona mimi, kazi yangu ya kwanza nilipohitimu ufundi, na mshono wangu naujua kama mwandiko wangu. Chini ya kwapa nyuzi zilikuwa zimevutika, mbili zimekatika. Nguo iliyotundikwa haiachii pale. Pale huachia mvaaji anaponenepa. Nikaingiza mkono ndani. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa na joto, na jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Nimeshona mpaka sanda bila kutetereka, lakini siku hiyo niliutoa mkono haraka.

Mama akaja, akaketi, akakaribisha, akasubiri, akatikisa kichwa. Kabla hajaanza nikachukua yai kwenye sahani yake, nikaliuma. Lilikuwa la moto, laini, kiini kimeiva vizuri. Lakini ladha haikuwepo. Si kwamba lilikosa chumvi. Halikuwa na kitu ndani yake, kama kutafuna pamba tunayojazia mabega ya koti. Maharage vivyo hivyo. Nikakimbilia jikoni nikaonja yaliyobaki kwenye sufuria. Yalikuwa matamu, mazito, ya kushibisha mtu na jirani yake.

Nilirudi nikamuuliza mama chakula kiko hivyo tangu lini.

"Tangu nilipoolewa," akasema. "Nilidhani ndivyo kilivyo."

Badala ya kulia nikapandwa na hasira. Nikamwambia kuanzia leo atangulie yeye. Akakataa kwa upole wake ule wa kunitia wazimu: miaka arobaini hajawahi kumtangulia mumewe, hataanza utundu uzeeni. Nikajaribu kila ujanja. Nilimlisha jikoni, kijiko kilifika mdomoni kikasimama, naye akatega sikio upande wa mezani. Nikalifungia koti sandukuni. Akakaa mbele ya sahani mpaka chakula kikapoa, akalala njaa. Siku mbili mfululizo alilala njaa. Na lile sanduku, nilipotaka kulisogeza, nililisukuma kwa mikono miwili, na ndani mlikuwa na koti tu.

Siku ya tatu likaniingia akilini kwamba mwenye kiti cha dirishani ndiye anayetangulia, na wa kusubiri si lazima awe mama: mimi pia ninaweza kusubiri. Nikalitoa koti, nikalifumua kwa wembe, mshono kwa mshono. Kila uzi uliokatika ulitoa pumzi fupi yenye harufu ya mchuzi. Niliendelea mpaka likawa vipande bapa, nikavichoma nyuma ya nyumba. Kisha nikamshika mama, nikamketisha kwenye kiti cha baba, akiwa anagoma kama mtoto anayepelekwa kuoga. Mimi nikaketi mahali pake, nikaweka mikono mapajani.

"Karibu, mama," nikasema.

Akanitazama. Alielewa kabla yangu, naapa, kwa sababu machozi yalimlengalenga.

"Mwanangu, mimi nikianza..." akasema, wala hakumaliza. Njaa ya miaka arobaini ilikuwa mbele yake, ina mvuke. Akachukua yai, akaliuma, akafumba macho. Sijawahi kumwona mtu akila namna ile. Alikula samaki mpaka akafyonza miiba, mafuta yakamtiririka kidevuni, nami kwa furaha nikacheka peke yangu. Kisha nikaanza kula changu. Kilikuwa pamba tupu.

Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Hata nikionja jikoni kabla sijapakua, hakuna kitu.

Wiki ya sita muuguzi alimpima mama mara mbili. Ishirini na tatu na nusu. Kidonda kimefunga, ngozi mpya imeota juu yake, daktari hana tena habari na mguu ule. Akanisifu mbele ya wagonjwa wengine, akasema laiti kila mzazi angekuwa na binti kama mimi. Alipokuwa anakunja utepe akautazama mkono wangu, akaacha kutabasamu, akaniuliza kama mimi mwenyewe nakula.

"Nakula sana," nikamjibu. "Mayai mawili asubuhi, maharage mchana, samaki jioni."

Na sikumdanganya. Akamgeukia mama kutaka uthibitisho. Mama alikuwa anaangalia dirishani, akauliza mchana tunakula nini.