Mgonjwa wa Kwanza

Mshonaji alikuwa amelala chali, blauzi wazi, kifua kimepakwa ute wa baridi unaonata, na mpiga picha za moyo alikuwa akiusifia moyo usio wake.

"Utazame unavyodunda! Moyo wa kijana huu, mama. Utatuzika sote."

Wa kijana ulikuwa kweli. Ulitoka kwa mtu aliyekufa ajalini, wakampandikiza baada ya ule aliozaliwa nao kutanuka na kulegea kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Hakuwahi kuacha kumwombea marehemu yule. Lakini leo hakuja kusifiwa.

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu," alisema huku akijifuta. "Ameanguka tena."

Bintiye alikuwa nje kwenye benchi, nyusi nyeupe kwa unga. Kwenye kinu cha kusaga unga alikofanya kazi walimwita Chuma, maana alibeba magunia sawa na wanaume na bado akabaki na pumzi ya kuwatania. Juzi alipanda ngazi mbio, gunia begani, akazimika kama taa. Wenzake wakammwagia maji. Msimamizi akamruhusu aje hospitali, ila zamu ya mchana imkute kazini. Wanaoitaka nafasi yake wamejaa getini.

Mshonaji aliujua mwanguko huo. Baba yake alianguka akilima, wakasema presha. Kaka yake akaanguka uwanjani akiufukuza mpira, wakasema karogwa, na bibi mmoja jirani akafukuzwa mtaani kwa mawe. Zamu yake mwenyewe ilipofika, wakasema uzazi umemchosha. Kila mmoja alipewa sababu yake, kana kwamba hawakuwa ndugu.

Daktari bingwa aliingia na muuguzi nyuma yake. Hospitali nzima ilimwita Bingwa. Walisema hata mkewe humwita hivyo.

"Bingwa, uliwahi kuniambia ugonjwa wangu huenda ni wa kurithi. Naomba mnipime vinasaba. Mkijua kilichoniharibu mimi, mtajua kama mwanangu naye anacho."

"Ombi zuri, mama. Ila kipimo hicho ni cha wagonjwa wa misuli ya moyo. Yako ni mizima, umeiona mwenyewe."

"Hii si yangu."

"Kwetu ni yako. Ulipopandikizwa ulitoka kundi lile, ukaingia hili."

"Basi mpimeni binti."

"Picha ya binti ni safi. Halafu kipimo hakianzii kwa mtoto. Tunaanza na mgonjwa wa kwanza kujulikana katika ukoo. Tukiipata kasoro kwake, ndipo tunaitafuta kwa wengine."

"Na mgonjwa wa kwanza ni nani?"

"Ni wewe."

"Si umesema mimi si mgonjwa?"

Bingwa alitabasamu kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Muuguzi akadakia, "Tena hata akipimwa, si vitatoka vinasaba vya yule marehemu?"

"Hapana, sista. Damu ni yake mwenyewe. Tulibadilisha moyo tu. Kijiko kimoja cha damu yake kinatosha kabisa."

Alilisema hilo kwa wepesi, kama anayeelekeza chumvi ilipo.

"Kichukue basi hicho kijiko!" Mshonaji alikuwa ameshakaa wima.

"Si mimi, mama. Ni utaratibu."

"Huo utaratibu unakaa ofisi gani? Niufuate."

Muuguzi alicheka, akamwona Bingwa hacheki, akajikohoza.

"Nisikilize," Bingwa alisema, akimshika bega. "Wanafunzi wanakusubiri chumba cha mafunzo. Wewe ndiye mgonjwa wetu wa mfano. Wasaidie kidogo, nami nitaongea na mkuu wa idara."

"Mara iliyopita uliniahidi hivyohivyo."

"Safari hii nitaongea naye kweli."

Angefanya nini? Alifunga vifungo akatoka. Penye benchi alisimama.

"Usiondoke hapa. Usipande ngazi, usikimbie, usi—"

"Nisipumue?" Chuma aliuliza. "Mama, zamu."

"Iache hiyo zamu."

"Tukiiacha, jioni tutakula uzi wako na sindano?"

Muuguzi alikuwa ameshamshika Mshonaji mkono.

Chumba cha mafunzo kilinuka dawa ya kuhifadhia maiti. Juu ya meza kulikuwa na chupa kubwa ya kioo, na ndani yake kitu kilichopauka, kikubwa kuliko ngumi mbili, kimelegea.

"Huu," mhadhiri alisema akiigonga chupa kwa kalamu, "ulitoka kwa mama huyuhuyu mnayemwona!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Mshonaji akautazama moyo aliolelea mimba nne, wala haukumtazama.

"Ugonjwa wa misuli ya moyo. Chanzo?"

"Hakijulikani!" darasa likaitikia.

"Vizuri sana."

"Kinaweza kujulikana," Mshonaji alisema. Kalamu zilikuwa zikiandika. Akapandisha mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yao, mshipa umetuna. "Kijiko kimoja tu."

"Si mkono, mama," mhadhiri alisema kwa heshima. "Kifua."

Wakapanga foleni. Mmoja baada ya mwingine walimwekea stetoskopu ya baridi juu ya kovu, wakafumba macho, wakatikisa vichwa kwa raha. Nyuma ya mabega yao kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kiwanja cha hospitali. Chuma alikuwa akikikata katikati, kanga kaikunja mkononi, anakimbia. Anakimbia kwa nguvu zake zote, kuelekea getini.

Mshonaji akavuta pumzi apige kelele.

"Shh, usiongee, mama," mwanafunzi alimnong'oneza, macho yamefumbwa. "Ukiongea hatuusikii moyo."