Mguu Uliokanyaga Breki

Fundi alikuwa anashona pindo la sare ya shule pale mguu wake wa kulia ulipokanyaga breki. Nje, mtoto alikuwa amekurupuka kuvuka barabara bila kuangalia. Gurudumu la cherehani likarudi nyuma, uzi ukakatika, na fundi akaanza kutunga upya.

"Wifi, hiyo ni cherehani, si lori," alisema wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo kwa mkono.

"Uambie mguu," fundi alijibu.

Mguu huo ulivunjika siku ngazi za soko zilipobomoka, na mfupa wa muundi ukakataa kuunga. Daktari aliupasua, akajaza pengo kwa vipande vya mfupa wa marehemu vilivyohifadhiwa kwenye barafu, kisha akampa sindano za homoni ya kuhimiza mfupa uote. Fundi alijichoma mwenyewe tumboni kila jioni, na dawa aliiweka kwenye friji kando ya maziwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mfupa uliota, na kadiri ulivyoota ndivyo ulivyokumbuka kazi yake ya zamani. Fundi hakulalamika. Alikuwa amelala kitandani miezi na miezi akiogeshwa na wifi yake, akaona haya mpaka haya zikaisha. Mguu wenye mambo yake bado ni mguu.

Siku moja, akienda kununua uzi, mguu ulikata kona ambayo yeye hakuikusudia. Aliufuata, angefanyaje? Ulimfikisha kwenye nyumba yenye geti la buluu, ukapiga teke kizingiti kukung'uta vumbi. Ndani, bibi mmoja alikuwa anakunja nguo zilizokauka.

"Umechelewa," bibi alisema bila kugeuka. Alipogeuka akaona ni mwanamke, akamvutia kiti hata hivyo.

Mwanawe alikuwa dereva wa gari la mikate. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, akafia hospitalini, na siku ya mazishi wabeba jeneza walinong'ona kwamba ni jepesi mno. Bibi aliambiwa uchungu ndio uliowapa nguvu. Sasa aliushika muundi wa fundi kwa mikono miwili, akaubonyezabonyeza kama anayechagua parachichi sokoni.

"Ni yeye," alisema. "Hawakuniuliza. Nataka nimzike mzima."

"Mama, ukiuzika mguu huu, na mimi nimo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekaa, sijashika jembe."

Fundi alilia, kwa kuwa alimwonea huruma, na kwa kuwa hakuwa tayari kuutoa.

Walikubaliana kwamba kila Jumapili mguu utakuja kukandwa mafuta, na fundi akifa atazikwa kando ya dereva, ambako palikuwa na nafasi. Wifi alinuna aliposikia. Yeye alitarajia walazwe pamoja ili aendelee kumsema hukohuko. Mwishowe alisema sawa, mradi asilazimike kumshonea sanda.

Ilibaki hospitali. Siku ya kliniki bibi alifuatana na fundi, akakaa kando yake mbele ya meza. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga.

"Mfupa umeshika vizuri mno."

"Ni wa mwanangu," bibi alisema. "Nani aliwaruhusu?"

Daktari hakubisha. "Hongera, mama. Umeona alivyomsaidia mwenzake? Na si huyu peke yake."

"Sikuuliza amemsaidia nani. Nimeuliza nani aliwaruhusu."

"Ndivyo tunavyofanya kwa wote, mama," alisema daktari kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli. Kisha akamtazama fundi kuanzia nyonga hadi vifundo vya miguu, akaiangalia tena picha. "Na wewe sindano zimekukubali. Si huu muundi tu, mifupa yako yote imekomaa."

"Mimi nina pangu pa kuzikwa," fundi alisema. "Tumeshapatana na mama."

"Bado mapema hayo," daktari alisema, akitabasamu. "Lakini mifupa kama hii haiachwi ikaozee ardhini."

Chini ya meza, mguu wa kulia ulikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichosimama. Muuguzi alifungua mlango, akamwita mgonjwa mwingine.