Mipigo Ishirini na Miwili ya Dekio

Mpiga deki wa uwanja wa ndege alideki kinyumenyume, kama wafanyavyo wote wenye akili zao, maana anayedeki akienda mbele hukanyaga jasho lake mwenyewe. Jumanne asubuhi alianzia mlango wa stoo, akarudi nyuma na korido akihesabu mipigo ya dekio. Korido ile ilikuwa ya mipigo kumi na saba tangu aajiriwe. Akafika kumi na saba, ukuta haukumgusa mgongo. Basi akaendelea. Kwenye mpigo wa ishirini na mbili kisigino kikagonga ndoo ya mtu.

"Mama, umenilowanishia upande wangu," binti yake akasema.

Binti huyo alikuwa msafishaji wa uwanja wa nchi nyingine, kilomita elfu mbili mia moja na arobaini, saa tatu na dakika tano angani. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Mama ameomba viza mara tatu, mara tatu amenyimwa. Na sasa binti amejifungua, katoto kachanga kamelala juu ya boksi la sabuni.

"Kumbe ni marehemu baba yako mtupu. Tazama anavyokunja uso."

"Na ubishi ni huo huo."

Wakacheka. Bibi akampakata mjukuu robo saa, kisha akadeki kinyumenyume kurudi kazini, maana msimamizi wake hajui utani.

Alikwenda hivyo siku kumi na mbili. Hakujificha, ajifiche ameiba? Meneja akamwita, kitabu cha safari za ndege kiko wazi mezani.

"Hapa pameandikwa saa tatu na dakika tano. Wewe umetumia dakika sita. Zilizobaki umezipeleka wapi?"

"Nimempakata mjukuu wangu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mama yake."

Meneja akaagiza korido ipimwe. Wapimaji wakaja na kamba, wakakuta mipigo ishirini na miwili kamili, wakatia saini. Wiki ile ile korido ikawekwa taa mpya na vyungu vya maua, na wageni wa heshima wakaanza kupita wakikokota masanduku, dakika sita tu, bila hata kufunga mkanda. Katikati pakachorwa mstari wa njano, pakawekwa askari. Mpiga deki akaagizwa asafishe hadi mstarini, asizidi hapo.

Akaomba viza mara ya nne, asije mtu akasema hakujaribu. Jibu likaja: mwombaji hakuonyesha ushahidi wa kutosha kwamba atarudi kwao. Lo! Mtu aliyekwenda na kurudi mara kumi na mbili, ndoo mkononi! Chozi la hasira likamtoka, akalifuta kwa kiwiko. Kisha akaikunja ile barua, akaitumia kuzolea vumbi la pembeni, akatupa vyote pipani.

Kesho yake akaupa mstari mgongo, akaanza kudeki. Alipoufikia, askari akasema, "Mama, hapo ndio mwisho wako."

"Mwisho wangu anaujua Mungu, mwanangu. Inua mguu nideki."

Askari akainua mguu. Nani asiyeinua? Dekio likapita, na mwenye dekio akapita. Askari akatoa daftari, akaandika kosa: kuvuka bila kibali.

Makosa sasa yamefika mia tatu na kumi. Viza bado anaomba, bado ananyimwa. Mjukuu ameanza kutembea, na kila asubuhi, bibi akifika mgongo ukitangulia, humdandia kabla hajageuka.