Tukisubiri Haja Ndogo

Mjukuu wangu alikimbia mita elfu tano mbele ya uwanja mzima, akashika nafasi ya pili, halafu akashindwa kukojoa mbele ya mwanamke mmoja tu.

Mwanamke huyo alikuwa afisa wa vipimo, wale wanaochunguza kama wanariadha wametumia dawa zilizokatazwa. Alimpokea kwenye mstari wa kumalizia, akamwambia kwa upole kwamba hatamwacha mpaka atoe mkojo. Kwa kuwa mtoto hajatimiza miaka kumi na minane, alitakiwa awe na mtu mzima wa upande wake. Kocha akajiweka sawa, tayari kwenda.

"Namtaka bibi," mtoto akasema.

Nilivimba kichwa. Nikadhani ni mapenzi.

Tukaingizwa katika chumba kidogo chini ya jukwaa: viti vya plastiki, feni, friji ya chupa za maji, na choo pembeni. Wenzake humwita Sindano kwa wembamba wake. Mimi humwita mke mwenzangu, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike, naye hunijibu kwamba babu angekuwa hai, mimi ningekuwa nimeshaachika zamani. Siku hiyo hakunijibu kitu. Nikasema ni uchovu na wasiwasi, maana jambo lenyewe halikuwa dogo: kipimo kikitoka safi, anaingia kambi ya timu ya taifa. Kikitoka kibaya, anafungiwa.

Akachukua kikopo, akaingia chooni na afisa. Mimi nikasimama mlangoni. Sikusikia hata tone.

"Vipi, mke mwenzangu? Mbona mawingu yapo na mvua hainyeshi?"

"Bibi, hebu toka!"

Wakatoka na kikopo kikavu.

"Leo umekunywa maji?" afisa akauliza.

"Kidogo. Yananifanya mzito."

"Na asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai na kikombe," nikajibu mimi.

Afisa akacheka mpaka akafuta macho. "Mwili umeukausha mwenyewe, sasa nao unabana kile kidogo ulichouachia. Kunywa maji, lakini taratibu. Usizidishe."

Hilo neno la mwisho lilinipita. Nikawa namletea chupa baada ya chupa. Afisa alikuwa mkali juu ya jambo moja tu: kila chupa aifungue mtoto mwenyewe, ikiwa bado na kizibo chake, asije akatiliwa kitu. Nami nikamhimiza, kunywa mama, maliza hiyo, kama mtu anayenywesha ndama.

Kweli, mvua ikanyesha, tena ya masika. Nikapiga makofi mlangoni. Afisa akadondosha tone kwenye kifaa chake, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mwepesi mno. Huu ni kama maji ya bomba, maabara haiwezi kuupima vizuri. Itabidi tusubiri mwingine."

"Mwingine?"

"Bibi, nilisema taratibu."

Nikakaa kwenye kiti changu kama mtoto aliyekemewa. Tukaanza kusubiri upya, safari hii bila chupa. Afisa alipoona mtoto anajikunyata, akainuka akazima feni. Kisha akageuza kiti chake kidogo, aendelee kumwona bila kumkodolea macho usoni. Nikampenda mwanamke yule.

Hapo ndipo mtoto akaniinamia sikioni.

"Bibi, nimemeza vidonge."

"Vidonge vya nini?"

"Alinipa Profesa."

Profesa ni msichana anayefanya naye mazoezi. Wamempa jina hilo kwa sababu hakuna asichokijua, mradi simu yake ina chaji.

"Alivifunga kwenye karatasi. Alisema vitanisaidia mizunguko ya mwisho, maana ndipo ninapochoka. Nimevimeza wiki hii, na leo asubuhi."

"Vina nini ndani?"

"Hata yeye hajui, ingawa naye anavimeza. Alisema ni vya asili, havina madhara."

"Hata sumu ya nyoka ni ya asili." Ndipo nikaelewa. "Kumbe ndiyo sababu hukumtaka kocha humu."

"Kocha angeniua. Wewe utanitania tu."

Sikumtania. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi kama zile chupa.

"Mwishoni afisa ataniuliza nimetumia nini," akanong'ona. "Nikisema sikutumia kitu, nani atajua?"

"Huo mkojo wako umeona haya leo, lakini ukifika maabara utapiga soga mpaka uchoke."

Akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. "Nikisema, naweza kuikosa kambi."

"Unaweza. Na ukinyamaza unaweza kuikosa vilevile, na uongo juu yake. Kusema ni kwako, mama. Mimi nipo hapa, usiposema nipo, ukisema nipo."

Mkojo wa pili ukakubalika. Ukagawanywa katika chupa mbili, zikafungwa mbele ya macho yetu. Afisa akashika kalamu.

"Dawa, vidonge, unga wa kuongeza nguvu, chochote ulichotumia siku hizi?"

Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama feni. Akasema yote.

Afisa aliandika bila kuinua nyusi. Alipomaliza akasema, "Ahsante kwa kusema. Sitakudanganya kwamba kusema kunafuta kitu. Majibu ndiyo yatakayoamua. Vilivyobaki usivimeze wala usivitupe. Mpe kocha, daktari wa timu avione."

Kocha tulimkuta ameketi kwenye ngazi, viatu vya mtoto mapajani, ameshavifuta vumbi. Mtoto akamweleza mwenyewe. Kocha akafungua kamba za viatu, akazifunga, akazifungua tena.

"Sindano, unachoka mwishoni kwa sababu unakimbia tumbo tupu na mwili mkavu. Nimesema mpaka koo limekauka."

"Lako kwa kelele, kocha. Langu kwa kukosa maji."

"Ndiyo, nicheke." Lakini alikuwa amelainika. "Nafasi yako simpi mtu mpaka majibu yatoke. Tutasubiri wote."

Wiki zile zilikuwa ndefu. Kila asubuhi mtoto alikula anavyotakiwa, uso umemkunjamana kama anayetumikia kifungo. Profesa alikuwa hamsemeshi tangu kocha achukue vile vidonge. Wakikutana uwanjani, kila mmoja anafunga viatu vilivyokwisha kufungwa.

Kocha alipopiga simu tulikuwa jikoni. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Hakuna kilichokatazwa. Unakwenda kambini. Na ujue ni bahati, wala si akili!"

Mtoto akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Nikamwacha alie. Alipotulia, nikangoja ampigie mama yake kazini. Akampigia Profesa.

"Usikate. Sijapiga kukusimanga. Majibu yametoka mazuri, lakini sikulala wiki zote hizi, na sitaki nawe usilale. Wewe bado unavimeza? ... Nijibu kweli. ... Basi acha. Kesho kabla ya mazoezi pitia hapa, ule kwanza. Bibi atatupikia mayai."

"Bibi yupi?" nikauliza. "Huyo bibi ameulizwa?"

"Anasema sawa," mtoto akamwambia Profesa.

Nikainuka, nikaenda kuangalia kama mayai yatatosha.