Kahawa Hafungwi Kamba

Watu wa Ekerenyo walikuwa wakiniita mama wa mbwa, na walisema hivyo ili nione aibu. Sikuona. Mimi ni Bochaberi, mjane, Msabato, nina shamba la chai na migomba, na mwaka wa sabini na nne nilikuwa na mbwa watano ambao mabwana zao waliwapiga wakawatupa. Niliwaokota, nikawatibu, nikawapikia ugali. Anayetaka kucheka acheke, lakini asichekee langoni kwangu.

Wa tano alikuwa Kahawa. Alikuwa wa Obwocha, mwenye duka la sukari na mafuta ya taa pale sokoni. Obwocha alimfunga kwa waya na kumlisha pilipili ili awe mkali, na alipodhoofika akamtupa mtaroni nyuma ya kichinjio. Nilimkuta hapo, waya umezama ndani ya nyama ya shingo. Niliazima koleo kwa fundi wa baiskeli, nikaukata, nikamwosha kwa maji ya chumvi huku nikimsema Obwocha kwa maneno ambayo sitayarudia, maana siku yenyewe ilikuwa ya Sabato.

Mbwa aliyepigwa ana namna yake. Humtazami machoni, humnyooshei mkono. Siku kumi na moja nilikaa nimempa mgongo, napukuchua mahindi, simwambii kitu. Siku ya kumi na mbili akaja mwenyewe akaninusa kisigino. Nililia, sifichi.

Basi mwezi wa Juni kichaa cha mbwa kikaingia vijiji vya jirani, na chifu akatangaza: Alhamisi ijayo kila mbwa aletwe uwanjani apigwe sindano. Awe na kamba shingoni na mwenyewe amshike. Asiye na kamba atapigwa risasi.

Kahawa na kamba! Nilijaribu ya katani, akajilaza na kujikojolea. Nikajaribu leso yangu laini, nikajaribu hata ganda kavu la mgomba. Kitu kikimzunguka shingo tu, anapiga kelele kama anayechomwa moto, kisha anauma chochote kilicho karibu. Alama ya meno yake ninayo hadi leo kiganjani. Shemeji yangu Makori akaja kunipa pole na mkungu wa ndizi. "Shemeji, wale wanne watapona," akasema. "Huyo mmoja mwachie askari." Nilimfukuza yeye na ndizi zake.

Jumatatu mvua ya mawe ilishuka, na radi zetu za Kisii mnazijua. Ilipopiga, Kahawa akaja mbio akachomeka kichwa kwapani mwangu. Mkono wangu ukabaki juu ya shingo yake, umeizunguka yote. Alikuwa akitetemeka, lakini aliogopa radi, hakuuogopa mkono. Nikajiambia, Bochaberi, si kamba ndiyo hii hapa?

Jumanne na Jumatano tulitembea hivyo uani. Alhamisi mwanangu Abner alitangulia na wale wanne, mimi nikafuata na Kahawa, maili mbili nimeinama, mkono shingoni mwake, kiuno kinawaka moto. Njia nzima watu walicheka. "Leo mama wa mbwa amepata bwana arusi!" Sikuwajibu. Nilihitaji pumzi zangu.

Uwanjani askari aliinua bunduki mara alipotuona. "Huyo hana kamba!"

"Kamba yake ni mimi," nikamwambia.

Daktari wa mifugo, kijana mmoja aitwaye Ombati kutoka mjini Kisii, alitazama lile kovu shingoni mwa mbwa, kisha akanitazama mimi. "Mama, na akiruka?"

"Akiruka ataniuma mimi kwanza. Choma."

Nikapiga magoti matopeni, nikamkumbatia kwa mikono miwili. Moyo wake ulikuwa ukigonga kifuani pangu. Sindano ikaingia. Kahawa akalia kidogo, akanilamba sikio, basi. Niliinuka taratibu nikawatazama wote waliocheka njiani, mmoja mmoja, nami sikuwa na haraka.

Ningerudi nyumbani hapo hapo. Lakini nyuma yetu kukazuka vurugu. Obwocha alikuwa amefika na mbwa wake mpya, mwekundu, amefungwa waya vilevile, anamrukia kila mtu. Obwocha mwenyewe alishikilia ncha ya waya kwa mbali, jasho linamtiririka. Askari akalenga.

"Mama Abner," Obwocha akaita. "Tafadhali, nisaidie."

Nilitamani kumwacha aaibike. Kisha nikamwona yule mbwa, damu imeanza kutoka chini ya waya.

"Mfunge kwenye nguzo ya goli, uondoke," nikasema. "Na ujue kuanzia sasa si wako."

"Mchukue, mchukue!" Akamfunga, akaenda bila kugeuka.

Nikaketi chini nimempa mgongo yule mwekundu, Kahawa amelala ubavuni pangu. Ombati akachanja mbwa wa tarafa nzima. Mimi nimekaa tu, narusha tonge la ugali nyuma yangu kila baada ya muda. Jua lilipoanza kuinama nikasikia pumzi ya moto kwenye kiwiko. Ombati akaja polepole kwa nyuma, akamchoma. Yule mbwa aliendelea kula mkononi mwangu. Kisha nikaomba koleo.

Ombati alifunga sanduku lake, akavua kofia. "Mama, wiki ijayo tuko Nyamache. Mwaka jana tuliwapiga risasi mbwa kumi na tisa kule kwa kukosa mtu wa kuwashika. Utakuja?"

Chifu alikuwa karibu, anasikia. Nikajibu kwa sauti ya kutosha. "Jumamosi sifanyi kazi. Siku nyingine yoyote, leteni gari."

Jumanne asubuhi Landrova ya serikali ilisimama mlangoni pangu, na majirani wote walitoka kwenye majani ya chai kuangalia. Nilipanda mbele pamoja na Kahawa. Askari na bunduki yake walikaa nyuma.