Mtandao wa Ijumaa

Kila Ijumaa mtandao wa Eridadi ulikufa, na kila Jumatatu fundi aliukuta mzima.

"Mzee, hii modemu haina ugonjwa," alisema Kato, fundi wa kampuni ya kebo. Alikuwa amechomoa waya na kuurudisha, amezima na kuwasha, amepanda hadi juu ya nguzo. Taa zote zilikuwa kijani. "Labda mgonjwa ni wewe."

"Wagonjwa ni nyinyi, wezi wakubwa," Eridadi akajibu. Alikuwa mchinja mbuzi mjini Kasese. Hakuzoea kuzungusha maneno.

Modemu na kompyuta vilinunuliwa na binti yake, Docus, mfanyakazi wa ndani huko Omani, ili aonane na wazazi wake siku ya Ijumaa, kwa kompyuta ya wenye nyumba, wao wakiwa matembezini. Laini yake ya simu walikwisha kuichukua. Bila mtandao huo hapakuwa na njia.

Docus alilelewa vizuri. Hakuanza na shida. Alimsalimia baba, mama, shangazi wa Muhokya, akauliza habari za mvua, za mbuzi, za jirani aliyejifungua. Alipofika kwenye "Sasa Baba, kuna neno," picha ikaganda. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile.

Ijumaa ya tatu alichelewa kupiga. Kompyuta ilikuwa ikimngoja tangu asubuhi. Safari hii hakusalimia mtu.

"Baba, mkataba umeisha. Wananitaka nitie sahihi leo, miaka mingine miwili. Mimi nimechoka. Nirudi au nikae?"

"Rudi!" Eridadi akapiga kelele. "Rudi nyumbani, mwanangu!"

Uso wa Docus ulikuwa umeshaganda, macho nusu wazi.

Eridadi aliipiga kompyuta kofi. Akatia mkono kabatini kuishika modemu, vidole vikaungua. Ilikuwa chini ya kitambaa cha sufi, kile kizito chenye maua, alichokifuma mkewe Ketura. Redio ilikuwa na chake, televisheni chake, kila kiti chake. Kila Ijumaa Ketura alikivisha chumba kizima. Kila Jumatatu, kabla fundi hajaingia, alivikunja vyote asije akavichafua kwa mikono yake ya nguzoni.

"Umeivika sweta," Eridadi alisema. "Na jua hili la Kasese, umeivika sweta."

"Nilitaka mtoto aone kwao ni pazuri."

"Ameona."

Eridadi alipanda bodaboda mpaka Bwera, kwa Benoît, wakala aliyempeleka Docus Uarabuni. Alimkuta kibarazani pake akila muhogo.

"Mpigie Docus. Mwambie baba yake amesema arudi."

"Muzee, umechelewa. Mutoto amekwisha kusaini. Amenipigia sasa hivi na simu ya ofisi ya kule. Amelia, amelia! Anasema mara tatu anataka kuomba kurudi, mara tatu baba anakata."

"Sikukata! Ni mashine ilipata moto!"

"Mashine." Benoît alilamba vidole. "Wakati wa salamu iko muzuri, wakati wa kuomba inapata moto? Muzee, mimi na wewe tuko watu wazima. Hata mimi, mutoto akiwa ananitumia pesa, ningekata."

Eridadi alimkwida shati. Mkono uliozoea kuangusha beberu ulimnyanyua Benoît kutoka kwenye kiti, na sahani ikaanguka. Halafu ukamwachia, kwa sababu kumpiga kusingemfikia Docus.

"Mpigie," alisema tena, taratibu. "Nipe niongee naye mwenyewe."

Benoît alinyoosha kola yake.

"Amekataa. Amesema usihangaike na mutandao tena, na mama asihangaike. Pesa, kila mwezi atatuma tu."