Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Gari la Mama Pokuaa lilipoporomoka kutoka mbele ya nyumba yake na kuvunja jiko la jirani, hakuna aliyeuliza gari lina kasoro gani. Waliuliza yeye ana miaka mingapi.

Ni mkunga mstaafu wa miaka sabini na mmoja, na ile Datsun ameiendesha tangu akiwa kazini. Mwanawe Nyarko alimnyang'anya funguo siku hiyo hiyo. Kesho yake wakalivuta gari hadi kwetu Suame, mtaa wa karakana, kwa Dankwa, fundi aliyeng'oa breki za ngoma za nyuma mwezi uliopita na kuweka za diski. Karakana yangu imepakana na yake.

"Nilivuta breki ya mkono," mama akasema. "Niliisikia ikikaza."

"Mama yangu, ulidhani umevuta," Dankwa akacheka. "Umezalisha nusu ya Kumasi, kichwa nacho lazima kichoke."

Mafundi wakaangua kicheko. Nyarko hakucheka, lakini alitikisa kichwa kukubali, na nadhani hilo lilimuuma mama zaidi.

"Gari tutaliuza," Nyarko akasema. "Utapanda teksi, Mama. Yamekwisha."

Sipendi kumhukumu fundi mwenzangu kabla sijaiona kazi yake. Na hii niliwahi kuisifu. Siku alipoimaliza nililijaribu gari mwenyewe barabarani. Nikakanyaga pedeli, likasimama papo hapo. Nikalirudisha, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, kama tunavyofanya sote Suame, nikaenda zangu.

Nikaomba nilitazame. Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikapiga jeki, nikafungua gurudumu moja la nyuma. Diski safi, pedi mpya, hakuna mafuta yanayovuja. Nikamwomba mama aingie avute breki ya mkono. Ikalia krr-krr, ikakaza. Nikaisukuma diski kwa kidole kimoja.

Ikazunguka.

Nikalala chini ya gari. Kalipa, vile vibanio vinavyobana pedi kwenye diski, zilitolewa kwenye magurudumu ya mbele ya gari jingine bovu, na hazikuwa na mahali popote pa kushikiza kebo ya breki ya mkono. Kebo ilikuwepo. Ilifungwa kwenye ekseli kwa waya wa kufungia nondo, ikavutwa barabara, ili anayeivuta aisikie ikikaza.

Nikauvuta ule waya; haukulegea. Dankwa angesahau kuiunganisha kebo, ningemwelewa. Lakini hakuna anayefunga waya namna ile kwa kusahau.

"Dankwa, huu waya wa nini?"

"Aa, Bonsu, na wewe! Nani hapa Suame anavuta breki ya mkono? Wewe unavuta? Si unaweka jiwe?"

Alisema kweli, na ndiyo maana ilinichoma. Ningeivuta siku ile badala ya kuweka jiwe, ningegundua.

"Mama aliambiwa aweke jiwe?" Sauti yangu haijazoea kupanda, ila ilipanda. "Umempa mpini usioshika kitu, halafu unamcheka mbele ya mwanawe!"

"Punguza kelele, kaka, wateja wanasikia."

"Wasikie!"

Nyarko alikuwa ameshapiga magoti, shati lake jeupe likigusa oili, anachungulia ule waya.

"Rudisha gurudumu, Bonsu," mama akasema. "Mlisukume pale penye mteremko."

Tukalisukuma hadi kwenye mteremko wa lango, tukatega jiwe nyuma ya gurudumu. Mama akaingia, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akashuka na kwenda kuinama kando ya lile jiwe.

"Dankwa, mwanangu, njoo usimame hapa nyuma ya gari. Naliondoa jiwe."

"Mama, tusifike huko."

"Kwa nini? Si kichwa changu ndicho kibovu? Breki zako ni nzima. Njoo!"

Dankwa akaangalia jiwe, akaangalia miguu yake. Hakusogea.

"Miaka arobaini," mama akasema, "sijamwambia mzazi hata mmoja kwamba mtoto anapumua wakati hapumui."

Akaliacha jiwe mahali pake, akainuka polepole, na kumnyooshea kiganja Nyarko. Nyarko akaziweka funguo kiganjani mwake kwa mikono miwili.

"Na kwa jirani utakwenda wewe," mama akamwambia mwanawe, "ukawaeleze ni nani aliyevunja jiko lao. Bonsu, nirudishie breki zangu za ngoma."